Kabla hujamponda kidudu cheupe kwenye mzabibu

Ukibandua gome la mzabibu ukakuta vidudu vyeupe vyenye nta, zuia mkono kwanza. Mimi niliwaponda kwa kidole gumba msimu mzima, shina baada ya shina, nikianza na wale wakubwa. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba hao wakubwa hawakuwa vidung'ata, wale wadudu waharibifu wanaofyonza utomvu wa mzabibu. Walikuwa mabuu ya mbawakawa anayewala vidung'ata. Bado naumia nikikumbuka.

Wanachanganya kwa sababu buu naye hujifunika nyuzi za nta nyeupe. Kidung'ata aliyekomaa ana urefu wa milimita 3 hivi na hutulia pale pale akifyonza. Buu hufika hata milimita 13, nta yake ni ndefu na imevurugika, na ukimgusa anatembea. Akikomaa anakuwa mbawakawa mdogo mweusi mwenye kichwa cha rangi ya machungwa. Kwa jina la kisayansi ni Cryptolaemus montrouzieri, asili yake Australia. Mwaka 1891 alipelekwa California kwa kazi hii hii.

Yupo pia nyigu mdogo sana anayetaga yai ndani ya kidung'ata. Kidung'ata huvimba, hukauka na kuwa ganda gumu la kahawia, kisha nyigu mpya hulitoboa tundu la duara na kutoka. Nikiona matundu hayo kwa wingi, bomba la dawa linabaki stoo.

Ila wote hao hawafui dafu sisimizi wakijaa shinani. Vidung'ata hutoa majimaji matamu, sisimizi huyanywa, kwa hiyo huwalinda kama mfugaji na ng'ombe wake. Nimeshuhudia sisimizi akimfukuza nyigu mara tatu mfululizo mpaka akaruka zake. Basi anza na sisimizi. Mimi hutumia chambo cha maji ya sukari na asidi ya boriki, asilimia 0.5 hadi 1 tu, kwenye chombo chenye matundu madogo ili nyuki wasiingie. Ukizidisha sumu, sisimizi wanakufa kabla hawajaifikisha kwa malkia wao.

Mwaka huu nimeiacha giligilani itoe maua kati ya mistari, maana nyigu aliyekomaa anahitaji nekta. Juzi, kwenye shina lililonisumbua kuliko yote, nilihesabu maganda 11 yenye tundu.