Maua Yamejaa Bustani, Nyuki Bambi Hawatui

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nilipanda waridi, dalia na alizeti ili kuwavuta nyuki bambi, wale wanene wenye manyoya, nikitumaini watanisaidia na nyanya zangu. Nilichagua mbegu za maua makubwa yaliyojaa. Yamestawi vizuri, lakini nyuki wanayapita tu. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu yangu, jibu umeliandika mwenyewe: "yaliyojaa". Ua lililojaa petali tabaka juu ya tabaka mara nyingi limepatikana kwa kuzifanya stameni zigeuke petali. Stameni ndizo zinazobeba chavua. Zikishageuka, chavua hupungua au hutoweka, na hata mbochi, yaani maji matamu ya ua, iliyobaki chini haifikiki kwa urahisi. Kwetu ni pambo, kwa nyuki ni duka lililofungwa. Tafuta dalia na waridi zenye safu moja ya petali, ambazo kitovu chake cha manjano unakiona wazi. Alizeti nazo ziangalie: aina nyingi za kukata na kuweka chomboni zimezalishwa makusudi zisitoe chavua, isije ikachafua meza.

Ukishalirekebisha hilo, angalia urefu wa ua. Nyuki bambi wako zaidi ya spishi 250, na ndimi zao hazilingani. Wenye ulimi mrefu hufaidi maua yenye shingo ndefu kama klova nyekundu. New Zealand ililazimika kuleta nyuki bambi kutoka Uingereza mwaka 1885 kwa sababu klova hiyo ilikuwa haitoi mbegu za kutosha bila wao. Wenye ulimi mfupi wakikuta ua refu, baadhi yao hutoboa tundu kwenye kitako cha ua na kunywa mbochi bila kugusa chavua. Wizi mtupu! Kwa hiyo changanya: lavenda, boraji, sage, klova, na mrihani ulioachwa utoe maua. Zambarau na buluu huwavutia sana. Wekundu mtupu hawauoni vizuri. Kila aina ipande fungu moja, hata mita moja ya mraba, badala ya mche mmoja huku na mwingine kule, ili nyuki akitua achume mfululizo.

Kuhusu nyanya, umewaza vizuri. Chavua ya nyanya imefungiwa ndani ya vifuko vyenye vitundu vidogo. Nyuki bambi hulikumbatia ua, akatetemesha misuli ya mabawa, na chavua ikammwagikia tumboni. Nyuki wa asali hawezi kufanya hivyo. Ila ua la nyanya halina mbochi hata tone, kwa hiyo maua yenye mbochi yawe jirani.

Maua yasikatike pia katika msimu. Nyuki hawa huweka akiba ya siku chache tu. Penye majira ya baridi, malkia huamka peke yake mapema akiwa na njaa, hivyo panda krokasi kwa ajili yake, na asta kwa ajili ya mwisho wa msimu.

Hakikisha lakini nyuki unaowaona ni hao kweli. Kusini mwa Sahara nyuki bambi hawapo kiasili. Yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao, mwenye tumbo linalong'aa lisilo na manyoya mengi, ni wa jamii nyingine. Usisikitike, naye hulitetemesha ua la nyanya, na maua mengi niliyotaja atayapenda.

Jambo la mwisho ni dawa za kuua wadudu. Zile za neonikotinoidi hupanda ndani ya mmea mpaka kwenye chavua na mbochi, hivyo kupulizia jioni hakusaidii. Muulize anayekuuzia miche kama imetibiwa nazo. Asipojua, otesha mwenyewe kwa mbegu zisizopakwa dawa.