Mkuu, usilipe hiyo nusu Ijumaa

Usilipe. Nimesoma andiko lako mpaka pale uliposema kuna jamaa kakuhakikishia kwamba "wateja wote wamehamia kwenye simu, kwa hiyo duka la viatu lisilo na apu limekufa", na kwamba Ijumaa unampa nusu ya hela aanze kazi. Nikaacha nilichokuwa nakifanya. Leo sina salamu. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, nikayaamini, yakanilia akiba ya miaka mitatu.

Najua umeuliza mambo manne: utengeneze apu au la, arifa utume mara ngapi, uweke njia zipi za malipo, na lile duka la mlangoni ulifunge au uliache. Nitayafikia, isipokuwa la njia za malipo.

Nusu ya alichokuambia ni kweli, na mtego umetegwa humo humo. Watu wamehamia kwenye simu, hilo halina ubishi. Mimi nauza mabegi. Nilipoanza kuuza mtandaoni, mteja alikuwa anakaa chini mbele ya kompyuta, anapekua duka, anachagua, analipa, anaondoka. Kununua ilikuwa shughuli, ina mwanzo na ina mwisho. Sasa hivi mtu yuko kwenye foleni, rafiki yake kamtumia picha ya begi, anabonyeza linki, foleni inasogea, simu inarudi mfukoni. Usiku kitandani anakumbuka, anafungua tena, anamtumia dada yake: hili jeusi au la kahawia? Dada analala bila kujibu. Kesho yake yuko dukani kwa mtu mwingine kabisa, kashika begi linalofanana na langu mkono wa kulia, mkono wa kushoto anaangalia bei yangu. Siku ya tatu, kasimama, kabeba mtoto, ndipo anaamua kununua. Akishaamua, ana dakika mbili za kukupa. Ukimkwamisha ndani ya dakika hizo, harudi, na wala hakukasirikii. Anakusahau tu.

Jamaa yako kakwambia wamehamia. Hajakwambia wanaishije huko walikohamia.

Haya, sasa aibu yangu. Mwaka 2018 niliangalia takwimu za tovuti nikaona wengi wanaoingia wanatumia simu, lakini wanaomaliza kulipa wengi wao wako kwenye kompyuta. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza hawa wa simu wanakwama wapi. Mimi nikaita mtaalamu. Simtaji jina, na msidhani ni ustaarabu, ni kwa sababu nikianza kuandika jina lake sitamaliza hadi asubuhi. Alikuja na kompyuta nyembamba kama bahasha, akachora duara na mishale, akasema tovuti ni mambo ya zamani, mgonjwa wako anahitaji apu. Anayelipwa kwa kutengeneza apu kagundua kwamba dawa yangu ni apu, na mimi sikushtuka! Mwamba ngoma huvutia kwake, na huyu alivuta ngozi yote, akaondoka na mzinga.

Miezi miwili ikawa mitano. Apu ikatoka, nzuri ajabu. Ukiifungua, nembo yangu inazunguka taratibu kabla ya duka kutokea. Ule mzunguko ulikuwa na ankara yake peke yake. Nilikuwa nakaa jioni naiangalia nembo inavyozunguka, kama mtu aliyenunua saa ya ukutani.

Wiki ya kwanza waliopakua walikuwa wachache, na nusu yao tunaitana majina ya ukoo. Nikampigia. Akasema ni kawaida, watu ni wavivu wa kuhama, inabidi "tuwasukume". Hapa ndipo nilipofanya kosa lililonimaliza, kwa hiyo soma polepole. Tulifunga njia ya kununua kwenye tovuti ya simu. Ukiingia kwa simu unaona begi, unaona bei, kitufe cha kununua hakuna. Mahali pake kuna bango limefunika skrini nzima: PAKUA APU YETU. Alama ya kulifungia iko kona ya juu, ndogo kama punje ya mchanga. Na juu ya hayo nikalipia matangazo ya kuwaleta watu wengi zaidi waje kugonga bango hilo.

Yaani niliweka mlinzi mlangoni kwangu mwenyewe, nikamlipa mshahara awarudishe wateja.

Kila mwezi mtaalamu alikuwa ananitumia mchoro wa waliopakua, mstari unapanda. Mimi natazama mstari, nafurahi. Mauzo yanashuka, nalaumu msimu. Yakashuka tena, nikalaumu washindani. Miezi saba, ndugu zangu. Mabegi yamejaa mpaka sebuleni, watoto wanayatumia kama viti.

Aliyenifungua macho ni mdogo wangu wa kike, tena bila kukusudia. Alitaka begi la safari, nikamwambia asinunue kwingine, anunue kwangu, nitampunguzia. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, namwona. Kabonyeza linki niliyomtumia. Bango likatokea. Kapapasa ile alama ya kufungia mara tatu, mara zote tatu kagonga "pakua". Kakubali yaishe, akapakua. Simu ikamwambia nafasi imejaa. Akanigeukia: "Nifute picha za mtoto ili nikuwekee apu ya mabegi?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Akafuta video fulani, apu ikaingia. Nembo ikazunguka. (Nilitazama pembeni.) Kabla hajaona hata begi moja, fomu: jina, barua pepe, tarehe ya kuzaliwa, nywila yenye herufi kubwa na tarakimu na alama. Barua pepe hakuikumbuka, simu aliyonayo ilifunguliwa akaunti na fundi siku aliyoinunua. Tukaunda mpya. Kisha ikatumwa namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi. Akatoka kwenye apu kwenda kusoma ujumbe, aliporudi, nembo inazunguka upya na fomu ni nyeupe tupu. Simu yenye kumbukumbu ndogo huzima apu uliyoiacha nyuma ili kuipisha uliyoifungua, na aliyetengeneza apu yangu hakuweka namna ya kuhifadhi yaliyokwisha jazwa. Alijaribu mara mbili. Mara ya tatu akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba kuna begi la zamani la mama litamfaa.

Huyo ni mdogo wangu, ananipenda, na mimi nimekaa pembeni. Piga hesabu ya mtu asiyenijua.

Nilimpigia mtaalamu. Akasema kwake inafanya kazi. Kwake ni ofisini, kwenye waya wa intaneti, kwenye simu ya mwaka ule ule ambayo bei yake ingenunua stoo yangu nzima. Hiyo "kwangu inafanya kazi" ndiyo sentensi ghali kuliko zote nilizowahi kulipia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba habari ilikuwepo hadharani. Mwaka 2015 Google walipima bango la aina hiyo kwenye mtandao wao wenyewe wa kijamii, Google+. Waliobonyeza kitufe cha kupata apu walikuwa asilimia 9. Waliouacha ukurasa na kwenda zao, asilimia 69. Wakaliondoa bango: watumiaji wa tovuti ya simu wakaongezeka asilimia 17, na upakuaji wa apu kwenye iPhone ukapungua asilimia 2 tu. Mwaka huo huo, kuanzia Novemba, wakaacha kuzihesabu kurasa zenye mabango ya namna hiyo kuwa zinafaa kwa simu. Mimi nimekuja kulitundika la kwangu 2018! Mtu anayejiita mtaalamu wa biashara za simu hakulijua hilo, au alilijua akanyamaza. Sijui lipi ni baya zaidi, na sitaki kujua, presha yangu haitaki.

Nilichofanya baadaye hakikuhitaji mtaalamu. Nilirudisha kitufe cha kununua, nikaua bango, nikaruhusu mtu alipe bila kujisajili. Kisha nikaanza zoezi ninalolifanya kila Jumatatu mpaka leo, na kama utaondoka na kitu kimoja hapa basi ondoka na hiki: nunua dukani kwako mwenyewe. Kwa simu dhaifu kuliko zote nyumbani, kwa bando sio waya, umesimama, kwa kidole gumba kimoja, mpaka hela ikatoke kwenye akaunti yako kweli. Usiishie kwenye kikapu ukasema "hapa najua patafanya kazi". Hapo ndipo pabovu.

Jumatatu ya kwanza nilipata madudu ambayo nisingeyaona kwenye kompyuta hata ningekodolea macho mwaka mzima. Sehemu ya kuandika namba ya simu ilikuwa inaleta kibodi ya herufi. Kwenye iPhone, ukigusa kisanduku cha kuandikia chenye maandishi madogo kuliko pikseli 16, ukurasa unajikuza wenyewe na kitufe kinatoka nje ya skrini, mteja anadhani kimefutwa. Gharama ya usafirishaji ilikuwa inajificha mpaka hatua ya mwisho. Kitufe cha kulipa kilikuwa juu kulia, wakati watu wengi simu wanaishika mkono mmoja. Mtafiti Steven Hoober alikwenda kuwaangalia watu mitaani mwaka 2013, kati ya 780 aliowaona wakigusa skrini za simu zao karibu nusu walikuwa wanatumia mkono mmoja. Gumba halifiki huko juu bila kujinyonga. Nikakishusha chini.

Picha zangu nazo zilikuwa nzito kwa sababu mpiga picha alinipa makubwa nikayapandisha yalivyo. Kuna takwimu ya Google ya 2016 inayosema ukurasa wa simu ukizidi sekunde 3 kufunguka, asilimia 53 ya wanaoingia huondoka. Wangu nilikuwa nahesabu kwa mdomo, nikafika kumi na moja.

Na kikapu. Kumbuka yule mtu wa siku tatu niliyemweleza pale juu. Kikapu changu kilikuwa kinajifuta baada ya nusu saa, kwa sababu fundi wa kwanza wa tovuti aliamua hivyo enzi za kompyuta. Mtu anachagua kwenye foleni, anarudi usiku, kikapu kitupu. Nilipokiacha kikae mwezi mzima, nilianza kuona watu wanalipia vitu walivyovichagua wiki mbili nyuma. Marekebisho hayo yalichukua siku moja. Siku moja, na mimi nilikuwa nimetumia miezi mitano kuizungusha nembo!

Kabla watu wa apu hawajanirukia: ndiyo, apu zina kazi yake. Mtu anayenunua kwako kila wiki ataiweka na ataipenda. Begi mtu ananunua mara moja kwa miaka miwili. Viatu vya watoto labda mara tatu kwa mwaka, miguu ikikua. Unataka akutunzie nafasi kwenye simu yake mwaka mzima kwa ajili ya mara tatu? Mimi nafasi hiyo nilinyimwa na damu yangu.

Jamaa yako mwambie hivi tu: achukue simu ya zamani, afungue duka lako la sasa hivi, anunue jozi moja mbele yako mpaka mwisho, halafu akuonyeshe ni hatua ipi kati ya hizo ambayo apu itaiondoa. Akianza kuchora duara na mishale, mpe maji ya kunywa umsindikize.

Kuhusu arifa, usitume kama huna cha kusema. Duka la mlangoni kuna lililokuwa linanijia kichwani, limepotea, nadhani lilikuwa kwamba usimnunie anayeshika kiatu huku anaangalia simu, maana inawezekana anaangalia duka lako.

Nimeona umeweka linki mwishoni, kwa hiyo nimejaribu. Simu yangu ina ufa, bando limebaki kidogo, nimesimama nje. Nimechagua vile vya bluu, vizuri kweli. Sasa nipo kwenye fomu yako inayotaka tarehe ya kuzaliwa, na kalenda yake inaanzia mwezi huu, inanirudisha nyuma mwezi mmoja kila nikigusa mshale. Nimefika 2011, kidole kinauma, na bado sijazaliwa.