Pima usukani kabla hujailaumu bodi

Gari lilikuwa linavuta kushoto. Usukani nimeushika umenyooka, barabara imenyooka, lakini lile gari jekundu linasogea polepole mpaka linaingia mchangani. Mashine yenyewe ni OutRun ya kusimama, gemu la Sega la mwaka 1986 lililobuniwa na Yu Suzuki, na niliinunua baada ya kukaa stoo miaka mingi. Nikaamini bodi, ile sahani ya saketi inayoendesha gemu, imekufa. Nikaitoa, nikakaa nayo mezani wikendi mbili nzima nikikagua chipu moja baada ya nyingine. Bodi ilikuwa nzima.

Kama umepata mashine ya zamani ya gemu la magari na unataka kuifufua nyumbani, ushauri wangu mkubwa ni huu: bodi iache mwisho. Anza na umeme, kisha plagi na nyaya, kisha usukani.

Kabla ya kuichomeka ukutani, soma kibandiko cha transfoma. Mashine nyingi zilitengenezwa kwa umeme wa volti 100 au 120, na ukiipa 230 moja kwa moja utaiua siku ya kwanza. Fungua mlango wa nyuma, tazama kama panya wametafuna nyaya, na hakikisha kila fyuzi ina kiwango kilichoandikwa pembeni yake. Nimewahi kukuta fyuzi imezungushiwa karatasi ya aluminiamu. Mtu akifanya hivyo, kinachoungua baadaye ni mashine yenyewe.

Skrini ni ya chogo, na hapa nakuomba usifanye haraka. Tyubu ya rangi hubeba volti 20,000 na zaidi, na inaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mimi hufunga waya kwenye fremu ya chuma ya skrini, upande wa pili naufunga kwenye bisibisi bapa yenye mpini wa plastiki mzima, kisha naiingiza chini ya kile kifuniko cha mpira kilicho juu ya tyubu. Mkono mmoja unafanya kazi, mwingine uko mgongoni. Nasubiri dakika chache, narudia. Kama huna uhakika na hatua hii, mwite fundi wa runinga. Hakuna gemu linalostahili maisha yako.

Umeme wa bodi ni volti 5, na lazima uupimie penye bodi yenyewe. Yangu ilikuwa 5.1 penye pawa saplai lakini 4.6 tu ikifika kwenye bodi. Nusu volti ilikuwa inapotelea kwenye plagi ambayo pini zake zimekuwa nyeusi. Wengi huongeza volti kule kwenye pawa saplai ili kufidia, nami napinga kabisa njia hiyo: pini chafu inazidi kupata moto mpaka plastiki inaungua. Pole Position, gemu jingine la magari la mwaka 1982, inajulikana sana kwa plagi zilizoungua namna hii. Badilisha pini, ndipo urekebishe volti.

Sasa usukani. Ndani ya OutRun, usukani unazungusha potenshiometa, kidude cha miguu mitatu kinachofanya kazi kama kitufe cha sauti cha redio. Mguu mmoja unapata volti 5, wa pili ni sifuri, na wa katikati unatoa volti kulingana na ulivyokata kona. Usukani ukinyooka, unatakiwa usome karibu volti 2.5. Wangu ulisoma 1.9. Basi! Gari lilikuwa linatii kile lilichoambiwa.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji kifaa. OutRun inakuchagulisha muziki mwanzoni kwa kugeuza usukani, na kwenye skrini unaona mkono ukizungusha redio. Geuza taratibu sana. Mkono ukirukaruka, njia ya kaboni ndani ya potenshiometa imelika. Kuisafisha kunasaidia miezi michache tu. Weka mpya ya omu 5,000. Kisha legeza skrubu ya gia yake, nyoosha usukani, zungusha shina la potenshiometa mpaka mita ya volti isome 2.5, kaza. Skrubu ile ni ndogo na ukikaza, shina linasogea kidogo. Mimi nilirudia mara sita.

Pole Position yenyewe haina potenshiometa kwenye usukani: unazunguka bila kikomo, na diski yenye matundu inapita mbele ya jicho la mwanga. Pale adui ni vumbi, na brashi laini inatosha.

Pedali ni kazi ile ile ya potenshiometa, pamoja na springi iliyochoka. Gia ni swichi tu. Kabati nililitengeneza chini, pale mbao zilipovimba kwa unyevu, ila vibandiko vya ubavuni sikuvigusa ingawa vimechubuka. Rangi mpya inaweza kuwekwa wakati wowote. Michoro ya asili ikishang'oka haipatikani tena.

Kila hatua ya OutRun, isipokuwa ya mwisho, inaishia kwenye njia panda. Kwa wiki zote zile gari lilinipeleka kushoto. Usiku niliokaza ile skrubu kwa mara ya sita, nilifika kwenye njia panda ya kwanza, nikakata kulia, likaenda kulia.