Muulize Anti wa Bustani: masika imeingia, ukoka umegeuka tope

Jamani simu yangu imejaa meseji za majani, kila mtu analia na mvua. Nyingi zinafanana kwaiyo nimechukua hizi tano, kama yako haipo humu soma ya mwenzio, jibu lako labda limo.

*Shikamoo anti. Mi niko Boko, Dar. Mwezi wa kwanza tulinunua ukoka wa mapande tukaupanda mbele ya nyumba, hela imetutoka kweli, ukashika vizuri tu ukawa kijani. Sasa mvua imeanza yaani ni kama tunafuga kinamasi, ukikanyaga unazama, na upande wa kwenye ukuta majani yamekuwa njano afu pananuka. Fundi bustani anasema ni njaa, tumwage mbolea ya urea. Tumwage?*

Marahaba mwanangu. Msimwage.

Fundi wako simlaumu sana maana jani lenye njaa na jani linalozama maji yote yanakuwa njano, ukitazama kwa juu huwezi kuyatofautisha. Lakini hiyo harufu ndo imewaumbua. Mizizi inapumua, udongo ukijaa maji hewa inatoka mle kwenye vitundu, mzizi unaanza kuoza, na mzizi ulioanza kuoza hata umwekee pilau hauli. Alafu urea ni nitrojeni asilimia 46 na inayeyuka kama sukari kwenye chai, mvua moja ya maana na hela yako yote iko mtaroni, na zile punje zitakazobaki zimeganda kwenye jani lililolowa zitaliunguza, utaona vidoa vya kahawia utasema tena ugonjwa.

Sasa nikuulize mimi. Maji ya bati yanamwagika wapi? Nauliza kwa sababu umesema upande wa kwenye ukuta, na mara nyingi bomba la gata linaishia hapo hapo kwenye kona na hakuna aliyewahi kufikiria yanaenda wapi. Fanya hesabu ndogo, bati la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50, ambayo kwa masika ya Dar ni asubuhi moja tu ya mvua kubwa, hizo ni lita 5,000. Simtanki tano za lita elfu elfu, umezimwaga sehemu moja. Hakuna ukoka duniani utavumilia. Kwaiyo kabla hujanunua chochote unganisha lile bomba na simtanki au lipeleke mpaka kwenye mtaro, utashangaa nusu ya tatizo imeondoka.

Ikibaki nusu nyingine, subiri mvua ikatike siku mbili tatu, chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini, lijaze maji, yakiisha lijaze tena, hii ya pili ndo unapima na rula. Kama saa nzima maji hayajashuka hata sentimita 2 basi udongo wako ni mfinyanzi unaobana na utahitaji mfereji wa kokoto. Sio kitu cha ajabu, unachimba upana wa jembe, kina cha sentimita 40 hivi, kokoto chini, paipu yenye matundu, kokoto tena juu, na mteremko angalau sentimita 1 kwa kila mita kuondoka nyumbani. Kuondoka nyumbani nimesema, sio kwenda kwa jirani, hizo kesi za maji zimejaa serikali za mitaa.

Na wakati wote huo msikanyage. Hapa ndo nakuwa mkali. Mvua za El Nino, zile za 1997 mpaka 98, mi nilikuwa na ukoka mzuri sana na ninachokumbuka ni watoto wangu wakikatiza katikati kwenda dukani kila siku, nikasema maji tu hayo yatakauka. Yalikauka kweli, ikabaki njia ngumu kama sakafu haijaota kitu mwaka mzima, maana udongo uliolowa ukiukanyaga unashindiliwa na vile vitundu vya hewa vinazibika moja kwa moja. Weka vijiwe vya kupitia, na gari isipande hata tairi moja.

Baadae udongo ukiwa na unyevu tu (fumbata donge mkononi, likitoa maji subiri) chukua kipande cha nondo kilichochongoka, toboa toboa kila baada ya kiganja kimoja, kwenda chini sentimita 10. Alafu tandaza mboji iliyochekechwa, nyembamba. Watu watakwambia mwaga mchanga, sasa mchanga kidogo ukichanganyika na mfinyanzi unakaribia zege, mi sipendi. Urea tutaongea mwezi wa sita, nusu kilo kwa mita za mraba 100, majani yakiwa makavu, ukimaliza unamwagilia.

*Anti salama? Niko Kisauni, nina nyasi za Pemba chini ya mwembe. Tangu mvua inyeshe kumezuka uyoga mweupe kila mahali na konokono wale wakubwa. Nitie chumvi?*

Salama mwanangu. Chumvi usitie, konokono atakufa na nyasi zitamfuata. Waokote usiku na tochi, ndo wakati wao wa kutoka, lakini vaa glavu maana wale wakubwa wanaweza kubeba minyoo inayodhuru watu, na watoto wasiwachezee.

Uyoga kama huo kwa kawaida haudhuru nyasi. Chini hapo huenda kuna mti unaoza, labda mzizi wa zamani au mbao za ujenzi mafundi walizifukia (wanapenda hiyo), uyoga unakula hiyo mbao, ikiisha nao unaisha. Uchume tu uutupe kama una watoto wadogo, na wewe mwenyewe usiupike. Nyasi za Pemba kwenye kivuli umechagua vizuri, ukoka wa kawaida chini ya mwembe ungeshakufa, wenyewe unataka jua.

*Mambo anti, mi msomaji wako nipo Houston, Texas. Huku sama (msimu wa joto) ni joto na mvua karibu kila mchana, majani yangu ni St. Augustine. Mwaka jana nilitia mbolea mwezi wa sita, yakatoka madoa madogo ya kijivu yenye ukingo wa kahawia, mengine yakakauka kama yameungua. Na chama cha wenye nyumba mtaani kikanitumia barua majani marefu. Mwaka huu nifanyaje?*

Poa mwanangu, kumbe tunasomwa mpaka huko. Hayo majani yako ni ndugu wa nyasi za Pemba za huyo wa Kisauni, jenasi moja kabisa (kundi moja la mimea ya karibu), Stenotaphrum.

Unavyoyaelezea hayo madoa ni fangasi, na huyu wa madoa ya kijivu anapenda vitu vitatu: joto, jani lisilokauka, na nitrojeni. Viwili umepewa na Houston, cha tatu umempa mwenyewe. Acha mbolea kabisa mpaka sama iishe. Alafu nenda kaangalie sprinkla (mashine ya kunyunyizia maji), najua ni ya taimer na najua inawaka hata mvua ikinyesha, izime, au ifungie ile sensa ya mvua, kifaa kinachoizima chenyewe mvua ikinyesha. Siku ikibidi kumwagilia mwagilia alfajiri ili jua likichomoza jani likauke, jioni ni kumtandikia fangasi kitanda.

Barua wajibu kwa mashine, lakini usikate kwa hasira. Kila mkato toa theluthi moja ya urefu, usizidi, yakifika sentimita 12 shusha mpaka 8, ndani ya siku nne tano rudia. Subiri yakauke hata kama ni masaa mawili tu mchana kati ya mvua na mvua, maana jani lililolowa mashine inalichana badala ya kulikata na tairi zinachimba mifereji. Ukimaliza sehemu yenye madoa kusanya yale mabaki, afu safisha visu kabla hujaenda upande mzima. Na kama mashine yako ni ya waya wa umeme, kwenye majani yaliyolowa usiiwashe, hapo sina utani.

*Anti mi wa Arusha. Jamaa anayenikatia anakata chini kabisa mpaka udongo unaonekana, anasema mvua hizi yanaota haraka so ananisaidia nisimuite kila wiki.*

Anakunyoa kipara mwanangu. Jani ndo jiko la mmea, akilifyeka lote mmea unakula akiba ya mizizini, na ule udongo ulioachwa wazi unapata jua, basi mbegu zote za magugu zilizolala zinaamka. Nina hakika umeshaanza kuona ndago. Mlipe aje kila wiki msimu huu akate kidogo kidogo, na akuletee kisu kilichonolewa. Ndago zenyewe ng'oa sasa hivi udongo ukiwa laini, lakini chimbua ukitafute kile kikokwa chini, ukivuta jani likakatika umefanya kazi bure, kitachipua tena wiki ijayo.

*Anti shkamoo, hivi siwezi kufunga mbuzi tu akala hayo majani? Morogoro.*

Marahaba. Unaweza, na atakula vizuri akishamaliza maua. Ila masika hii hapana, nimetoka kugombana na watu hapo juu kuhusu miguu miwili na huyo ana minne, tena ya kwato.