Desktop inasumbua kwa waya ila WiFi iko poa? Usipige Windows kwanza

Mkuu, usikimbilie kupiga Windows upya kama wenzangu walivyokushauri kwenye mada yako. Umesema simu zote nyumbani zinakamata WiFi freshi ila desktop ya waya mara inashika mara inaandika haina intaneti, basi ruta na kifurushi ni vizima, tatizo liko kuanzia tundu la ruta mpaka kwenye mashine. Mimi kazi yangu ni kuvuta kebo majumbani, na mara nyingi mchawi ni waya.

Chungulia nyuma ya kompyuta pale waya unapoingia, kuna vitaa vidogo. Vikizima kabisa usihangaike na mipangilio, badili kebo au hamia tundu lingine la ruta. Vikiwaka fungua cmd (kile kidirisha cheusi cha kuandika amri) uandike ipconfig, itakuonyesha anwani ya kompyuta yako kwenye mtandao. Ukikuta namba inaanza na 169.254 ujue kompyuta iliomba anwani, ruta haikuijibu, ikajipa yenyewe. Ukikuta ya kawaida mfano 192.168.1.20, ping ruta, yaani andika ping na ile namba ya Default Gateway uone kama itajibu, halafu ping 8.8.8.8 ambayo ni seva ya Google, zote zikijibu na kurasa bado hazifunguki hapo mara nyingi ni DNS, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba.

Sasa kebo yenyewe. Kuna nyumba Tabata kebo ilipitishwa dirishani, kila wakivuta kioo cha aluminiamu kinaibana palepale. Kwa nje ilikuwa na alama tu ya kubonyea, nilipochuna ganda nikakuta waya wa bluu umekatika ndani. Intaneti ilikuwepo ila haivuki 100 Mbps wakati wanalipia zaidi, kwa sababu ndani kuna nyaya 8 na kasi ya 100 inatumia 4 tu, ile ya gigabiti (1000 Mbps) inataka zote, kwa hiyo kadi nyingi za mtandao zinashuka kimyakimya wala hazikwambii kitu. Ingekatika kabisa ya chungwa au ya kijani isingeshika hata kidogo, ila ikiwa imekatika nusu, inagusa na kuachia, ndo inakuwa kama yako, inashika na kuachia.

Na hizi kebo za bei chee jamani tuziogope! Kwaruza uzi wa chuma ulio ndani ya waya kwa wembe, ukiona weupe ndani hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu, ukiikunja mara chache inakatika. Tafuta ya shaba tupu.

Ukibadili kebo na bado inasumbua, ndo uweke upya draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya mtandao. Tuwekee hapa majibu ya ipconfig na useme taa zinawakaje, tutaendelea kutokea hapo.