Rada ya manowari na jahazi la Mkoani

Umeuliza kama manowari (meli ya kivita) iliyotia nanga Malindi, bandari ya Unguja, inaweza kuliona kwa rada jahazi lililo Mkoani, Pemba, maana rada yake hufika kilomita 400. La, haioni. Hizo kilomita 400 ulizotaja ni za ndege iliyo juu sana, si za chombo cha majini. Mawimbi ya rada huenda karibu mstari mnyoofu na dunia imejipinda, kwa hiyo kinachoamua ni kimo cha antena na cha kitu kinachotafutwa. Antena ikiwa mita 25 juu ya maji na mlingoti wa jahazi mita 9, mwisho ni kilomita 33 hivi. Ndege ya mita 10,000 hupatikana hata kilomita 430, rada ikiwa na nguvu, kama SMART-L ya manowari za Uholanzi. Sasa kutia nanga Malindi ukatafute jahazi Mkoani, karibu kilomita 100, kazi bure.

Tena mbao na tanga hazirudishi mawimbi kama chuma. Nimekaa zamu kwenye rada ya meli ya mizigo. Ngalawa iliyo umbali wa maili tatu tu ilikuwa ikitupotea bahari ikichafuka.

Ila zipo siku, bahari shwari na joto kali, hewa huyapinda mawimbi yakafika mbali kuliko kawaida.