Je, sarafu ya mwaka 1299 ilifikaje Busia?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mchimbaji mdogo wa dhahabu wilayani Busia, mashariki mwa Uganda. Mwezi uliopita nilikuwa nikipitisha mashine ya kutafutia dhahabu katika shamba la baba mkwe wangu, ikalia karibu na shina la mvule, na kwa kina cha shibiri moja na nusu nikatoa sarafu tatu zilizogusana. Ya kwanza ni kubwa, ya fedha, ina picha ya mwanamke mnene aliyejitanda ushungi na mwaka 1780. Ya pili ni ya shaba, ina mizani upande mmoja na maandishi ya Kiarabu pekee, na sheikh wa msikiti wetu amesoma mwaka 1299. Ya tatu ni nyeupe, ina tundu katikati na mwaka 1907, hiyo sikuijali. Je, Waarabu walifika Busia zaidi ya miaka 700 iliyopita? Nizisafishe kwa nini, na niziuze wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, hiyo uliyoiacha kando ndiyo itakayokufumbulia fumbo la zile mbili. Itazame kwa kioo cha kukuzia, na ukikuta pembe za ndovu zimezunguka tundu na jina la Uganda limeandikwa kwa Kiingereza pamoja na la Afrika Mashariki, basi si ya kigeni hata kidogo. Ni sarafu ya senti ya wakati wa ukoloni, nchi ilipokuwa bado inatumia rupia, na rupia moja ilikuwa senti 100. Tundu lile liliwafaa watu waliozoea kutunga kauri kwenye uzi, zile kauri ambazo Baganda walizifanya fedha hata leo neno lao la pesa, ensimbi, ni jina la kauri hizo.

Sasa fikiri. Ikiwa sarafu zote tatu zilikuwa pamoja katika shimo moja, aliyezifukia hakuweza kufanya hivyo kabla ya 1907, hata kama nyingine zinaonyesha miaka ya zamani zaidi. Watafiti wa mambo ya kale huhesabu hivyo daima: kilicho kipya kuliko vyote ndicho kinachoonyesha kwamba shimo halikufukiwa kabla yake.

Mwaka 1299 aliousoma sheikh ni sahihi, lakini ni wa Hijria, kalenda ya Kiislamu, yaani 1881 hadi 1882 Miladia. Kwa maelezo yako, hiyo ni pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar. Nimetilia maanani ulivyosema kuwa maandishi ni ya Kiarabu pekee, kwa sababu kampuni ya Waingereza iliyokuwa na makao Mombasa nayo ilitoa pesa yenye mizani mwaka 1888, ila ile ina maandishi ya Kiingereza na jina la Mombasa. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipita Mumias, magharibi mwa Kenya, ikielekea Busoga na Buganda, kwa hiyo pesa ya Zanzibar kuonekana Busia si ajabu.

Hiyo kubwa ya fedha ndiyo inayowapotosha wengi. Mwanamke huyo ni Maria Theresa, mtawala wa Austria, aliyefariki mwaka 1780, na wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na pwani yetu waliizoea sura yake kiasi cha kukataa nyingine. Kwa sababu hiyo viwanda viliendelea kuitengeneza kwa mwaka uleule, vizazi baada ya vizazi: Vienna, kisha Roma kuanzia 1935 Mussolini wa Italia alipojiandaa kuivamia Uhabeshi, kisha London, Bombay na kwingineko. Kwa hiyo 1780 haikuambii ilitengenezwa lini. Ipime: iliyo halali ina uzito wa gramu 28 hivi, fedha asilimia 83, na ukingo wake umechongwa maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma. Ukingo ukiwa laini, shuku. Wazee wa pwani waliita sarafu za aina hii reale, na mtu aliyekuwa na reale moja aliiweka kama akiba hata baada ya rupia kuenea. Labda mwenye shimo lako alifanya hivyohivyo.

Kuhusu kusafisha, nakusihi usizisugue kwa majivu, mchanga wala limau. Suuza udongo kwa maji safi bila kusugua, kausha kwa kitambaa laini, kisha funga kila moja katika karatasi yake. Kutu ya kijani kwenye shaba iache, kwa kuwa ukiikwangua unaondoa na herufi.

Kuhusu kuuza, nisikufiche: reale na pesa za Barghash zipo nyingi duniani, na dalali atakupa bei ya uzito wa madini yake tu. Zaidi ya hayo, tangu 1967 Uganda ina sheria ya kulinda vitu vya kale, na leseni ya dhahabu haikupi ruhusa ya kuviuza. Zipeleke kwenye Makumbusho ya Uganda, Kitante, Kampala, baada ya kumwarifu baba mkwe wako, kwa kuwa shamba ni lake.

Ila kabla ya safari rudi pale kwenye mvule bila jembe. Andika umbali wa shimo kutoka shinani, kina chake na rangi ya udongo, piga picha, na uangalie kama kuna vigae vya chungu au majivu, maana sarafu hizo huenda zilikuwa ndani ya chombo kilichovunjika. Ukiona kigae, kiache mahali pake na utuandikie.